Walisema Nywele Zangu ni za Muziki

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, fundi wa mashine za boti hapa Kismayo. Kwetu ni kisiwa cha Chula. Sina mke, sina mtoto, na mama yangu nimemzika mwaka huu... Jina langu niiteni Lali.

Ndugu wasomaji, uchungu umenifika hapa, kooni! Lakini msione haya kunicheka mwanzoni, maana mkasa wangu unaanza na jambo la kuchekesha. Unaanza na nywele.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu Shee. Baba alifariki tukiwa wadogo, akatuachia wembe wa kukunja, na Shee ndiye aliyekuwa akiwanyoa wanaume wa Chula kwa wembe huo. Idi ikikaribia, watu walijipanga uani kwetu tangu asubuhi. Mimi nilikuwa wa kwanza siku zote. Kichwa changu hakikuwahi kuguswa na mkono wa kinyozi mwingine.

Kisha Shee akaondoka. Aliingia kwenye tahriib, hiyo safari ya magendo inayowabeba vijana wa huku kupitia jangwani hadi Libya, wakiitafuta Ulaya. Mara ya mwisho alipiga simu akasema ameshaiona bahari. Baada ya hapo... kimya!

Mama alilia hata nikamwogopea. Siku moja akaniita, akanikalisha mbele yake, akaniwekea mkono kichwani na kuweka nadhiri. Alisema kichwa hiki hakitaguswa na wembe mpaka Shee arudi, na atakayeninyoa ni Shee mwenyewe. Nikaitikia amin. Ningefanya nini? Yule ni mama yangu!

Chula nzima walijua. Hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu kwetu mtu akifuga nywele kwa nadhiri si ajabu. Nywele zikafika masikioni, zikashuka mabegani, zikaingia mgongoni. Kisiwani waliziita nywele za Shee.

Lakini huku Kismayo nilikokuja kutafuta riziki? Huku waliziita muziki!

Jamani, mimi na muziki wapi na wapi? Hata kupiga mbinja sijui! Nikijaribu kuimba, kuku wanahama. Lakini nilipokuwa nikipita na nywele zangu nimezifunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, vijana walinipigia kelele, "Rasta! Tuwekee reggae!" Harusini walinisukumia spika zilizoharibika nizitengeneze, ati mimi ndiye mjuzi. Nikawaambia mimi ni fundi wa mashine za boti. Wakacheka, wakasema basi leo tutengenezee za muziki.

Kuna siku askari wa kizuizi cha barabarani walichukua simu yangu wakaipekua. Wakakuta visomo vya Kurani na habari za hali ya bahari, basi. Yule mkubwa wao akanitazama nywele, akaitazama simu, akaniuliza nyimbo nimezificha wapi. Wallahi nilisimama juani mpaka adhuhuri, wakizitafuta nyimbo nisizozijua!

Sasa niwajulishe rafiki yangu Kombo. Huyu ni mtu wa Chula kama mimi, tumekua pamoja, tumekula sahani moja. Alikuwa akiuza petroli ya boti pembeni mwa kibanda changu. Kichwa chake kimenyolewa kinang'aa, kanzu haina doa, na msikitini hakosi safu ya mbele.

Na mpenda muziki alikuwa yeye! Memori kadi yake ilijaa nyimbo za kila nchi. Alikuwa akichomeka spika ndogo kutwa nzima, na mtu akipita akasikia ngoma inalia, aligeuka akanitazama mimi. Mimi! Kombo alikuwa akijikausha, kisha mtu akishapita anaangua kicheko. Nami nilikuwa nikicheka naye. Rafiki yangu, bwana, nigombane naye kwa kitu kidogo hivyo?

Karibu na soko kulikuwa na duka la vitambaa la mzee mmoja aliyeikimbia vita akiwa kijana, akaishi kambini, kisha Mombasa, mwisho akarudi. Nilikuwa nikinunua kwake vipande vya kufutia mashine. Binti yake Somoe ndiye aliyekuwa akiuza, na siku ya kwanza aliniuliza hapohapo kama mimi ni mtu wa reggae. Nilipomwambia sijui hata wimbo mmoja alicheka, akaniuliza, "Basi nywele hizi za nini, kaka Lali?"

Nikamweleza habari za Shee. Somoe aliacha kukata kitambaa, akafuta machozi kwa ncha ya buibui. Hapo ndipo moyo wangu ulipokwenda... na haukurudi tena.

Miezi ikapita, tukakubaliana. Yeye ndiye aliyenionya kwamba baba yake ana kidonda. Kule Mombasa kaka yake Somoe alianza kwa kufuga nywele, akafuata bendi, akaishia kwenye unga wa kulevya, na mpaka leo hajulikani aliko. Kwa hiyo mzee akiona mwanamume mwenye nywele ndefu, anamwona yule mwanawe. Somoe akaniambia, mshenga wako akifika kwa baba, neno la kwanza liwe hilo la nadhiri. Kabla ya mahari, kabla ya ukoo, kabla ya chochote!

Ndugu zangu, kwetu mwanamume hajiposei. Anatuma mtu. Ningemtuma nani kama si Kombo? Anaijua nadhiri tangu siku ilipowekwa, anajua kusema, anapendeza machoni pa wazee. Nilimwomba jambo moja tu, amweleze mzee nywele hizi ni za nini. Kombo akanipiga bega, akasema, "Niachie mimi."

Nikamwachia!

Alikwenda mara ya kwanza, akarudi akisema mzee anafikiri. Akaenda mara ya pili na ya tatu. Mwisho akaja akitabasamu, akaniambia mambo yamekaa sawa, ila mzee ana sharti. Ninyoe kwanza, halafu niende Chula nikamlete mama, posa ipokewe mbele yake.

Nilishtuka. Nikamwuliza, na nadhiri je? Kombo akanijibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba nadhiri ina kafara, nitalisha maskini na Mungu atasamehe. Kisha akasema, "Lakini Somoe hana kafara, Lali. Huyo ukimkosa umemkosa."

Mnaniuliza kwa nini sikwenda kwa mzee mwenyewe? Niliona haya! Mposaji aende kubishana na mkwe juu ya sharti, utasema nini? Na Somoe siku zile hakuwa akionekana dukani. Nikafikiri ndiyo desturi, mchumba anawekwa ndani.

Nikaenda kwa kinyozi. Unajua aliniuliza nini yule bwana kabla ya kuwasha mashine yake? Aliniuliza kama nimeacha muziki! Nikafumba macho. Nywele zikaanguka begani, zikaanguka mapajani, zikawa chungu sakafuni. Nilijiona mwepesi, nikajiona bwana harusi... Mjinga mimi!

Kesho yake nikapanda boti kwenda Chula.

Mama alikuwa ameketi kizingitini akisuka ukili. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, watu aliwajua kwa sauti na kwa kuwagusa. Nikatoa salamu, nikainama kumbusu mkono, naye akanyanyua ule mwingine kuniwekea kichwani kama kawaida yake.

Mkono ukasimama. Ukapapasa mbele, ukarudi nyuma, ukashuka kisogoni. Ukili ukamwanguka.

Mama akapiga kigelegele!

Alipiga kigelegele kile mpaka sauti ikamkatika, akasimama bila mkongojo, akawa analia na kucheka. "Shee kaja! Kila mchu na aje! Mwanangu kaja!" Akanishika kanzu akinitikisa, akiniuliza mbona simleti ndani, yuko botini bado, mbona namwacha juani mtoto wa watu...

Hata mimi... Wallahi naapa, hata mimi sikuwa nimelifikiria hilo! Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya harusi. Sikukumbuka kwamba kwa mama yangu kichwa kilichonyolewa kina maana moja tu.

Wanawake walikuja mbio, wengine na mikono ya unga. Bibi mmoja alikwishaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mtu akauliza kama mbuzi akamatwe. Nami nimesimama katikati yao.

Nikasema, "Mama... Shee hakuja."

Akaniuliza taratibu, "Basi nani kakunyoa?"

Nikamwambia kinyozi wa mjini. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa ajili ya mke, wenyewe wametaka ninyoe. Akaitoa mikono yake kwangu, akaifuta kwenye leso yake polepole. Akasema, "Basi mwanangu kafa leo," akaingia ndani.

Hakunilaani, jamani. Afadhali angenilaani! Alikaa chini na kumlilia Shee kana kwamba maiti iko chumbani. Wale wanawake waliokuja kwa furaha wakakaa matangani, ndani ya nyumba ileile. Hakuna aliyenitupia neno, lakini hakuna aliyenitazama usoni.

Tangu siku hiyo chakula hakikumpita kooni. Nilimbembeleza, nikampikia uji, nikamlisha kwa mkono wangu. Alikuwa akimeza kijiko kimoja, anageukia ukutani. Nilimwambia Shee yu hai, nadhiri ina kafara, Mungu ni mwingi wa rehema. Akanijibu mara moja tu, akasema miaka yote ile alikuwa akishika nywele zangu na kujua mwanawe anatembea mahali. Sasa ashike nini?

Nilimpigia Kombo simu kumweleza posa ingoje. Haikupokewa. Nikasema mtandao wa visiwani ndivyo ulivyo.

Mama alifariki kabla mwezi haujaisha. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilimzika, nikakaa arobaini, nikarudi Kismayo.

Na Kismayo nilikuta nini? Somoe ni mke wa Kombo! Nikah ilifungwa wiki ileile niliyoondoka!

Nilikwenda dukani moja kwa moja. Mzee aliponiona alinitazama kichwa, akasema, "Umenyoa, kijana. Umeacha muziki?"

Nikamwambia, "Ami, sijapata kuwa nao." Nikamsimulia yote, tangu tahriib hadi kaburi la mama. Mzee alitafuta pa kukaa, akaketi juu ya marobota ya vitambaa. Akaniambia Kombo alimweleza kwamba napiga gitaa kwenye mahoteli ya Mombasa, kwamba nywele zile ni za usanii, na kwamba hata yeye rafiki yangu ameshindwa kuniasa. Kisha akajiposea mwenyewe. Somoe alilia, akamwambia baba yake nywele zile ni za kaka aliyepotea. Mzee akamjibu kwamba amedanganywa.

Nikamwuliza kama yeye ndiye aliyetoa sharti la kunyoa.

"Mimi? Sikutuma neno kama hilo! Nilikukataa siku ya kwanza." Akainamisha kichwa. "Nilikuona kwa macho yangu na nywele zile, nikaamini. Hata kukuuliza sikukuuliza."

Wasomaji, mmesikia? Hakuna aliyetaka ninyoe! Kombo alitaka tu nitoke mjini kwa muda, akatafuta cha kunipeleka Chula.

Nilimfuata kibandani kwake. Spika yake ilikuwa ikilia nyimbo, kama kawaida. Nilidhani atakana. Hakukana! Aliendelea kupima petroli, akaniambia, "Mimi nilikwambia unyoe, Lali. Sikukushika kichwa."

Nilitaka kumrukia, nikashindwa. Hilo neno bado linanila usiku na mchana, kwa sababu ni kweli. Hakunishika kichwa.

Somoe nilimwona mara moja sokoni. Aliangalia kichwa changu, akaweka kiganja mdomoni, akapita. Tumebaki hivyo.

Ndugu zangu, nawasihi! Ukimwona mwanamume na nywele ndefu, usimpigie kelele za rasta, usimpekue simu, usimtungie bendi. Muulize. Ni swali dogo tu, Somoe aliliuliza akapata jibu lake. Na wewe unayezifuga kwa sababu yako, usikubali kunyolewa kwa maneno ya watu, na neno lako kubwa usimpe mtu mwingine akakusemee. Nenda mwenyewe! Aibu ya kubisha hodi ni ya siku moja. Hii yangu nitazikwa nayo.

Mimi nimeanza kuzifuga upya. Hakuna aliyeniwekea nadhiri safari hii. Zimefika masikioni, na vijana wameshaanza tena kuniomba reggae.

Na kama kurasa hizi zitafika mbali, zikaangukia mikononi mwa mtu wa Chula aitwaye Shee... kaka, mama ametangulia. Alikungoja mpaka mimi nilipomkatisha tamaa. Wembe wa baba ninao, nimeutia mafuta usishike kutu. Rudi uninyoe.