Waridi la Kuiba

Vipandikizi vya waridi vilichanua siku ya tatu, kabla havijatoa hata uzi wa mzizi. Joash alifurahi. Mkewe Lornah hakufurahi, kwani asubuhi hiyohiyo miche arobaini ya kayaba ilikuwa imekauka katika udongo mbichi.

Hospitali moja ya Upper Hill ilikuwa imeagiza miche mia nne ya kayaba, mti wa miiba wa kupandwa uzio, ipelekwe Ijumaa. Kama wangeikosa oda hiyo, wangefunga kitalu chao cha kando ya barabara hapo Kangemi warudi Busia. Lornah alibadilisha udongo, akaweka mbolea, akapiga dawa. Kayaba zikazidi kufa. Alichoka, tena kuchoka kwa hasira.

Jumatano adhuhuri aliinama chini ya neti ya kivuli, akasikia harufu ya ubani, na sauti ya mwanamke karibu kabisa na sikio lake ikasema, kwa utulivu wa mtu aliye kwake, "Nimeshika," na alipogeuka hapakuwa na mtu ila yale mawaridi, yote yamemwelekea yeye ilhali jua lilikuwa upande wa pili, na mizizi ambayo asubuhi haikuwapo ilikuwa imetoboa mifuko, ikatambaa chini hadi ndani ya kila mfuko wa kayaba.

"Hizi ulitoa wapi?" alimnong'oneza Joash.

"Dagoretti. Kwa boma ya mama fulani, hapo kando ya barabara."

"Uliomba?"

"Lornah, si unajua maua ya kuiba ndio hushika mizizi."

Alijua. Kila muuza miche anajua, na yeye mwenyewe alishaiba mara nyingi. Alikosa hata wa kumlaumu, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Waling'oa mawaridi yote, wakayatia kwenye ndoo, wakaenda Dagoretti. Mwenye boma, mama mzee aitwaye Wangu, alisimama nyuma ya geti.

"Mama, tuliiba maua yako," Lornah alisema. "Tunaomba msamaha. Tumerudisha."

"Sijakasirika."

"Basi tufungulie."

Wangu aliitazama ndoo, akarudi nyuma hatua moja. "Huyo aliye ndani ya hayo maua alimaliza mahindi yangu, akamaliza ng'ombe, akaanza watoto. Mganga alisema hatoki mpaka aibiwe. Ndio nikampanda hapo kwa barabara, mahali mkono unafika. Nimengoja miaka sita."

Akafunga kufuli. Machozi yalimlengalenga, ya shukrani ya kweli.

"Asanteni sana," alisema. "Mko na watoto?"