Nani Amenishika Mkono?

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kijijini Endamarariek. Bernadina na mumewe Thomasi walikuwa wakipalilia mahindi. Hawakuonana, walisikia majembe tu. Ghafla jembe la Thomasi likanyamaza.

"Mama Paulo," aliita kwa ulimi mzito, "nani amenishika mkono?"

Bernadina alimkimbilia. Hapakuwa na mtu. Mkono wa kushoto wa mumewe ulining'inia kama si wake. Thomasi alijaribu kutabasamu, lakini ni nusu tu ya uso iliyotabasamu.

Nywele zilimsimama Bernadina. Uso kama huo aliuona kwa baba mkwe wake, siku tatu kabla hajafa. Kisha akauona kwa shemeji yake Nikodemu, kaka wa Thomasi, naye akafa.

Punde mkono ukapata nguvu. Maneno yakanyooka.

"Baba ananiita," Thomasi alinong'ona. "Kaka ameshakwenda. Zamu yangu imefika. Twende kwa mpiga ramli."

"Kwanza zahanati. Sasa hivi."

"Lakini nimeshapona!"

"Twende hivyohivyo."

Kwenye zahanati, nesi Scholastika alimfunga kipimo mkononi. Akapima. Akapima tena. Uso wake ukabadilika.

"Shinikizo la damu liko juu sana," alisema. "Damu inasukuma mishipa kwa nguvu mno. Mshipa wa kichwani ukiziba au ukipasuka, ubongo unaumia. Huo ndio ugonjwa wa kiharusi. Leo umeonywa. Usidharau kwa sababu mkono umerudi."

"Mbona sikuumwa popote?"

"Shinikizo halipigi hodi, baba."

Thomasi akainama. "Kwa hiyo baba yangu hakurogwa?"

"Alipimwa lini?"

"Hakupimwa kamwe."

Scholastika alimwandikia barua ya kwenda hospitali siku ileile. Daktari akampa vidonge vya kumeza kila siku, hata akijisikia mzima. Thomasi aliacha ugoro na pombe. Bernadina alipunguza chumvi na magadi kwenye mboga.

"Mboga hii ina ladha ya mvua," Thomasi alilalamika. Lakini alikula.

Mwaka ukapita. Thomasi akauvuka umri aliofia kaka yake. Siku moja alimfuata dada yake Valeria kwa baiskeli.

"Nikapimwe nini?" Valeria alicheka. "Mimi ni mzima kabisa."

"Hata mimi nilikuwa mzima kabisa. Panda."

Valeria alipimwa. Shinikizo lake nalo lilikuwa juu. Akaanza dawa wiki ileile, kabla mkono wake haujashikwa.