Mfarishi wa Sista Ndululu

Kila alasiri, kengele ya shule ilipokwisha kulia, Mumbua alipitia kwanza barazani kwa mama yake kabla ya kwenda kuteka maji. Baraza hilo lilikuwa mbele ya duka la unga katika soko la Matinyani, na hapo ndipo mama yake, Nzilani, alipoweka cherehani yake. Mumbua aliokota pini zilizoanguka, akakata nyuzi zilizoning'inia na kukunja nguo zilizokamilika. Kisha alichukua mtungi na kuteremka mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu mwaka ule. Watu walichimba shimo, wakangoja maji yajikusanye taratibu, ndipo wakayachota kwa kata.

Muhula ule kulikuwa na kazi moja iliyozizidi nyingine zote. Sista Ndululu, muuguzi wa zahanati, alikuwa anastaafu na kurudi kwao Zombe. Akina mama wa kanisa waliamua kumshonea mfarishi, lile tandiko zito la kujifunika linaloundwa kwa vipande vingi vya kitambaa. Kila mama alitoa mraba wa bafta nyeupe, akatarizi juu yake jina la mtoto wake aliyezaliwa mikononi mwa Sista. Nzilani alitarizi jina la Mumbua. Mama yake Kalondu, rafiki mkubwa wa Mumbua, alitarizi jina la Kalondu kwa uzi wa samawati, na muda mfupi baadaye akafariki dunia. Mraba ule haukuwa na mkono wa kuutarizi tena.

Kilichobaki kilikuwa kitambaa chekundu cha kutenganisha miraba hiyo myeupe. Mumbua alikuwa na jibu tayari. Duka moja la Nairobi liliuza vitambaa kwa njia ya posta: mteja alichagua picha katika kijitabu, akaagiza, akangoja kifurushi.

"Tazama hiki, mama! Chekundu kama pilipili iliyoiva."

"Rangi ni nzuri," Nzilani alikiri. "Lakini hii ni karatasi, mwanangu. Dukani kwa Mzee Faki kule Kitui mjini nakishika kitambaa, nakivuta, nakiinua kwenye mwanga. Yeye mwenyewe hulowesha ncha akaisugua kwenye leso yake nyeupe, nami naona. Picha nitaivuta vipi?"

"Lakini chekundu cha Mzee Faki kimepoa kama tofali. Sista anastahili cha kung'aa."

Nzilani alicheka. "Haya, umenishinda. Ila kikifika, kabla mkasi haujakigusa, kitalala majini kwanza. Kama kinatoa rangi, tujue. Kama kitarudi na kupungua, kirudi kabla sijakikata. Kazi hiyo ni yako. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Nitakilowesha mwenyewe."

Kifurushi kilichelewa sana. Kilipofika, ilikuwa Jumamosi, na Nzilani alikuwa amezama katika sare za shule zilizohitajika upesi. Alimkabidhi Mumbua kitambaa na kurudi kwenye cherehani.

Mtungi wa nyumbani ulikuwa mtupu. Mtoni, foleni ya mitungi ilipanda hadi ukingoni. Mumbua alipiga hesabu: kitambaa kingemeza mtungi mzima, na kukisuuza kungedai mtungi mwingine. Alipofanikiwa kujaza wake, jua lilikuwa limekwisha kuinama, na maji hayo yalikuwa ya chakula cha jioni. Njiani, karibu na kanisa, wasichana walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

"Mumbua! Tumepungukiwa na mtu mmoja!" Kalondu alimwita. "Au umekwisha kuolewa, mama wa maji?"

Wenzake waliangua kicheko. Mumbua aliutua mtungi akaingia mchezoni.

Aliporudi nyumbani, alikisugua kitambaa kikavu kwa viganja vyake viwili, akakikunjakunja na kukipigapiga mpaka ugumu wake ukalegea. Kisha akakitundika kwenye ua wa minyaa, kikashika vumbi na harufu ya jua.

"Umekilowesha?" Nzilani aliuliza jioni.

"Ndiyo, mama."

"Kilitoa rangi?"

"Hata kidogo, mama."

Nzilani alikipapasa. "Mbona bado kina ugumu wa dukani?"

"Ni jua. Lilikuwa kali mno leo."

Mama yake alimtazama, kisha akalitazama lundo la sare lililomngoja. Akauchukua mkasi.

Wiki iliyofuata mfarishi ulikua barazani, mraba baada ya mraba, na wapita njia walisimama kuusifu. Mumbua aliyafurahia maneno yao mpaka Jumatano. Siku hiyo alikuwa amejifunga kwenye kifundo cha mkono kipande kilichobaki cha kitambaa, kama bangili. Akipanda kutoka mtoni, maji yalimwagika kutoka kwenye mtungi kichwani yakamtiririka kwenye mkono aliouinua kuushika.

"Maskini, umejikata!" Kalondu alisema.

Mumbua alitazama. Mstari mwekundu ulikuwa ukishuka hadi kwenye kiwiko. Hakuhisi maumivu yoyote.

"Si kitu," alijibu, akauficha mkono nyuma ya sketi.

Tangu saa ile hakupata raha. Chakula kilimshinda. Alijua kwamba mfarishi ukipata maji, rangi ingehamia kwenye bafta, na jina la Kalondu lingezama humo. Mara nyingi alifungua kinywa, mara nyingi akakifunga. Alijiambia kuwa Sista huenda asiufue kamwe. Alijua pia kwamba huo ulikuwa upuuzi.

Ijumaa alasiri aliukuta mfarishi umekamilika, umetandazwa juu ya meza ya mbao. Jumapili ulikuwa ukabidhiwe kanisani, na Jumatatu Sista alikuwa anaondoka. Nzilani alikuwa akipepea makaa ndani ya pasi. Kando yake kulikuwa na kikombe cha bati kilichojaa maji.

"Umekuja wakati mzuri," alisema kwa furaha. "Shika upande ule, nivute huku. Ninyunyize kidogo, mikunjo iishe."

Alichovya vidole kikombeni. Mumbua aliyaona matone yakining'inia kwenye ncha za vidole, juu kabisa ya miraba.

"Usinyunyize, mama!"

Mkono ulisita, lakini tone moja lilikuwa limekwisha kuanguka mpakani mwa chekundu na cheupe. Wote wawili wakalitazama likitambaa, likageuka waridi, likaingia kwenye herufi ya kwanza ya jina la Mumbua mwenyewe.

Nzilani aliiweka pasi chini. Hakupaza sauti.

"Niambie yote."

Mumbua alisimulia: foleni, mchezo wa kati, kusugua, ua wa minyaa, mstari wa mkononi. Alipomaliza, machozi yalikuwa yakimdondoka, akarudi nyuma yasije yakauangukia mfarishi.

"Kwa Mzee Faki," Nzilani alisema polepole, "kitambaa nakiuliza kwa vidole vyangu. Hiki kilitoka nisikokuona, nikakuuliza wewe. Wewe ndiwe uliyekuwa vidole vyangu, Mumbua. Kalondu anajua?"

"Hapana."

"Basi utaanzia kwake. Nenda sasa hivi."

Hakuna njia iliyowahi kuwa ndefu kama ile. Kalondu alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Alisikiliza bila kuinua uso, na mikono yake ikasimama.

"Jina langu limeguswa?"

"Bado."

"Ulijua tangu siku ile ya mkono?"

"Nilijua."

"Mama aliutarizi mraba ule akiwa kitandani," Kalondu alisema. Kisha akainuka ghafla na kuyakung'uta maganda. "Mbona bado umesimama? Tafuta wembe, tukautoe humo!"

Jumamosi kulipopambazuka, akina mama walikaa barazani kuuzunguka mfarishi, wakikata mishono kwa nyembe, uzi mmoja mmoja. Kalondu alishughulikia mraba wake mwenyewe na hakuruhusu mtu mwingine kuushika. Wakati huo Mumbua na mama yake walikuwa wakitembea kwenda Kitui mjini.

"Shikamoo, Mzee Faki."

"Marahaba, mwanangu. Ala, Mama Mumbua! Nilidhani umelihama duka langu, umehamia posta!"

Nzilani alimweleza kilichotokea bila kumficha neno. Mzee Faki hakucheka. Alishusha jora la kitambaa chekundu, akalitandaza mezani, akaleta bakuli la maji na leso yake nyeupe.

"Leo atakagua huyu," alisema, akimsogezea Mumbua.

Mumbua alilowesha ncha, akaisugua kwenye leso kwa nguvu zake zote. Akageuza. Leso ilikuwa nyeupe. Akasugua tena kwa upande wa pili. Bado nyeupe.

"Usidhani vyangu hufumwa hapa Kitui," mzee alimwambia. "Navyo hutoka mbali, na mara nyingine mimi pia huagiza kwa picha. Ila kifurushi kikifika, hakiuzwi kabla hakijapita kwenye bakuli hili."

Nzilani alilipa kwa akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mkasi mpya. Mumbua aliona.

Waliporudi Matinyani, hakuna aliyehitaji kumtuma. Alichukua mtungi akateremka, akapanga foleni, akapanda, akateremka tena. Kitambaa cha Mzee Faki nacho kililala majini, kikasuuzwa, kikaanikwa juani. Mchana ukiwa umesonga, mkasi ulianza kazi, na mikono ya wanawake wengi ikaufuata.

"Hiki haking'ai kama kile cha picha," mmoja wao alitania.

"Angalau rangi yake inakaa kwake," Kalondu alijibu, wote wakacheka. Hata Mumbua alithubutu kutabasamu. Jua lilipotua, fundo la mwisho lilifungwa.

Jumapili, Sista Ndululu aliutandaza mfarishi magotini akasoma majina yote kwa sauti. Alipofika kwenye jina la Kalondu, aliuweka mkono wake juu ya uzi wa samawati. Kisha kidole chake kikafika kwenye mraba wenye alama hafifu ya waridi.

"Na hili doa, Mumbua?"

Mumbua alimtazama mama yake. Nzilani hakumsaidia. Basi alisimama mbele ya kanisa zima akaeleza, kwa sauti iliyosikika hadi nyuma.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. "Njoo hapa," alisema. "Miaka yote pale zahanati nilikuwa namtuma mtu achemshe sindano. Sikuweza kwenda kuchungulia sufuria kila mara. Wagonjwa walikuwa wengi. Niliuliza tu: zimechemka? Na kwa jibu hilo nilimdunga mtoto. Watu wanaishi kwa majibu ya wenzao, Mumbua. Ukikosa kufanya kazi, sema hukuifanya. Mtakasirikiana jioni moja, basi. Ukisema umeifanya, mwenzako atachukua mkasi akate."

Kisha akaukunja mfarishi, doa likiwa juu.

Wiki iliyofuata, Nzilani alimpa Mumbua kipande cha kitambaa cha kijani kilicholetwa na mteja kutoka Mbumbuni. "Kiloweshe," alisema, akaendelea kushona.

Jioni Mumbua alikirudisha barazani, kimekauka na kukunjwa.

"Kilitoa rangi?"

"Hata kidogo, mama."

Nzilani hakukipapasa. Alichukua mkasi.