Mkufu wa Maisie

Nilikuwa nimefika katikati ya kukata kabichi wifi yangu alipopiga simu.

Corinne ni dada wa mume wangu, muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee. Alikuwa ameahidi kuwapeleka watoto wangu Ziwa Harmon Jumamosi ile, kwenye bustani ya bembea, ili mimi nifue na nipike kwa utulivu, na mume wangu Duane alale kabla ya zamu yake ya usiku. Sasa alikuwa ameitwa kazini. Tiketi alikwisha kutuachia kwenye sanduku la barua. Zilikuwa za siku ile tu, maana jioni ile bustani ilikuwa inafunga msimu. Baada ya hapo ni kufuli mpaka Mei.

"Wapeleke wewe, wifi," akasema. "Mazimwi wa huko wakiona ulivyochoka watajua mwenzao amekuja."

Nikamwambia zimwi ni kaka yake, mimi kazi yangu ni kulilisha tu. Nikafunika kabichi, nikaitia kwenye friji. Nguo nikaziacha ndani ya mashine, mbichi hivyo hivyo.

Watoto walikuwa wamevaa mavazi yao ya Halowini, ile sikukuu ya kutishana ya Oktoba, tangu asubuhi. Lorelei, wa miaka tisa, alisema Halowini ni mambo ya watoto wadogo, lakini alivaa kofia ya mchawi. Garrett, wa miaka saba, alikuwa amevaa mifupa mitupu. Na Maisie, kitinda mimba wangu wa miaka minne, alikuwa nyuki. Mwaka ule nusu ya watoto wa Pennsylvania walikuwa nyuki. Kuna duka lilikuwa limeshusha bei.

"Mama, nitapanda falasi?" aliniuliza tukiwa garini. Herufi ya r ilikuwa bado inamshinda.

"Utapanda."

"Falasi mweupe?"

"Kama yupo."

Yupo, akasema. Shangazi Corinne alimwonyesha kwenye picha.

Langoni tulipokewa na msichana mwenye redio ya mkononi. Jina lake liliandikwa kifuani, Shawna. Yeye ndiye aliyewasimamia watishaji, wale wanaolipwa kuzunguka bustanini na damu za rangi kuanzia jua linapozama. Akanionyesha mkufu wa plastiki unaong'aa kijani. Mtoto akiuvaa, akasema, hakuna atakayemtisha. Mtishaji akiuona anajifunika uso kwa mikono miwili na kurudi nyuma. Hiyo ndiyo sheria yao, na asiyeifuata anafukuzwa kazi.

"Ila uwe shingoni, mama. Usiwe mkononi wala mfukoni. Wao wanaangalia shingo tu."

Nikauchukua. Wakubwa waliukataa kwa dharau. Maisie nikamvalisha.

Kwa muda ilikuwa raha tupu, sitasema uongo. Giza lilipoanza kuingia, taa zikawaka, moshi wa mashine ukatambaa miguuni, harufu ya sukari ya kuungua ikajaa kila mahali. Mwendawazimu mwenye shoka akaruka kutoka nyuma ya kibanda. Garrett akapiga kelele na kujificha nyuma yangu. Lakini Maisie alijitokeza mbele na mkufu wake, kifua nje, na jitu lile lote likajifunika uso, likarudi nyuma kinyumenyume hadi likagonga pipa la taka. Baada ya hapo hakushikika. Akawa yeye ndiye anayewakimbiza.

Mimi siogopi vitu hivyo. Kwetu, Oktoba, kila kitu cha kutisha kina mshahara. Mwenye shoka ni kijana wa sekondari anayetaka kununua gari. Maiti anayetoka jenezani anafundisha hesabu shule ya jirani. Ukimjua mtu kwa miwani yake, damu haikusumbui.

Kwa hiyo nilipomwona yule mwanamke wa kijivu, sikushtuka.

Alisimama karibu na banda la donati, gauni la kijivu, aproni juu yake, pindo limelowa kama aliyetoka kukanyaga maji ya ziwa. Hakuwa na damu wala rangi usoni. Maisie alipogeuka, yule mwanamke alijifunika uso kwa viganja viwili. Taratibu. Kwa adabu kabisa.

Nikamwinamishia kichwa kumshukuru.

Lorelei akauliza mbona huyo hajapakwa chochote. Nikamwambia labda ndiyo kwanza ameanza kazi.

Tulipofika kwenye magari ya kugongana, alikuwa nyuma yetu. Mikono usoni. Tulipofika kwenye mapipa ya maji ya kuopoa matufaha kwa meno, alikuwa nyuma yetu. Mikono usoni. Na kila upepo ulipotoka upande wake ulikuja na harufu ninayoijua vizuri kuliko manukato yoyote... harufu ya nguo zilizofuliwa zikasahauliwa ndani ya mashine siku nyingi.

Nikazikumbuka za kwangu. Nikacheka peke yangu.

"Mama," Maisie akaninong'oneza, "yule anacheza kujificha?"

"Ndiyo. Mpungie mkono."

Akampungia. Kati ya vidole vya yule mwanamke palikuwa na upenyo.

Bembea ya farasi wa mbao ilikuwa mwisho kabisa, kando ya ziwa, inazunguka kwa muziki wa kinanda cha zamani, katikati yake mhimili uliozungushiwa vioo. Farasi mweupe alikuwepo. Nilikusudia kupanda na Maisie, nisimame karibu yake kama kila mama. Lakini Garrett alikuwa amekula donati bila kipimo, na tulipofika mwanzo wa foleni akainama akatapika kwenye viatu vyangu.

Maisie akaanza kulia. Falasi, falasi, falasi. Mzee mwendesha bembea akampima kwenye kijiti cha urefu, akaona antena za nyuki zimempitisha, akasema huyu anaweza kupanda peke yake, atamfunga mkanda yeye mwenyewe.

"Ila shingoni pasiwe na kitu," akasema. "Kinaweza kunasa."

Nikamvua mkufu. Nikaushika mkononi. Mkono mwingine ulikuwa umeshika paji la uso la Garrett.

Nilipoinua kichwa, yule mwanamke alikuwa ameshusha mikono.

Nilitegemea kitu cha kutisha. Ulikuwa uso tu. Uso wa mwanamke wa rika langu, macho yameingia ndani, nywele zimebanwa ovyo, kama mtu ambaye hajalala usingizi wa kutosha tangu azae. Aliniangalia. Akagusa shingo yake kwa kidole, akainua nyusi.

Alikuwa anauliza.

Nikauinua mkufu juu aone. Nilikuwa na maana kwamba upo, ni wa mtoto huyu, tumeuvua kwa ajili ya bembea tu. Mtu yeyote angeelewa hivyo.

Aliutazama ule mkufu mkononi mwangu. Kisha akainamisha kichwa, kama mtu aliyekabidhiwa kitu na anashukuru.

Akapanda.

Muziki ukaanza. Mzunguko wa kwanza Maisie alinipungia, antena zinacheza, meno yote nje. Nikampungia. Mzunguko wa pili yule mwanamke alikuwa amekaa upande upande juu ya farasi mweusi wa pembeni, ameinama, mdomo karibu na sikio la mtoto wangu. Maisie alikuwa anasikiliza. Hakunitazama.

Nilimwambia Lorelei amshike ndugu yake. Nikasogea hadi kwenye kizuizi, nikamwita mzee. Muziki ulikuwa mkubwa. Nikaita tena...

Mzunguko wa tatu nilimwona farasi mweupe anapanda na kushuka, na juu yake hapakuwa na mtu.

Nilikunja mguu kuruka kizuizi. Mzunguko ukaja tena. Maisie alikuwa juu ya farasi wake, mkanda kiunoni, mikono imetulia mapajani. Farasi mweusi alikuwa mtupu.

Bembea ikasimama.

Nilimshusha mwenyewe. Nilimpapasa kichwa, mabega, vidole. Hakuwa na mchubuko. Mikono ilikuwa ya baridi, lakini ilikuwa Oktoba kando ya ziwa. Nikamuuliza yule mama alimwambia nini.

"Farasi mweupe ni mzuri," akanijibu.

Nikasimama pale na ule mkufu. Nilipotaka kumvalisha alisema hataki, akageukia upande mwingine. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikautia mfukoni mwa koti.

Mzee nilimuuliza juu ya mwanamke wa kijivu. Akasema farasi mweusi hakupandwa na mtu jioni nzima, kikanyagio chake kimevunjika. Tulipokuwa tunaondoka niligeuka mara moja. Katika kioo kimojawapo cha mhimili, nyuki mdogo alikuwa ananipungia mkono, kwa nguvu, mkono wote mzima.

Nilimtafuta huyo mtoto kati ya farasi. Sikumwona. Nikajisemea nyuki ni wengi mwaka huu.

Na wangu nilikuwa nimemshika mkono.

Langoni nilimwambia Shawna kuwa mtishaji wake wa kijivu amevunja taratibu. Nilitaka kufoka. Lakini msichana yule alizima redio yake kwanza.

"Mwenye aproni?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikasema ndiyo.

Akasema hana mtu kama huyo. Hajawahi kuwa naye. Ila kila mwaka, siku ya kufunga, kuna mama mmoja anayekuja pale langoni kumlalamikia mwanamke huyo au kumsifu. Aliyemwachia kazi hiyo alimwambia hivyo hivyo.

"Na watoto?" nikauliza.

Alimtazama Maisie, kisha akatazama chini.

"Hakuna mtoto aliyewahi kupotea hapa, mama. Wote wameondoka na wazazi wao."

Nyuma yake walikuwa wameanza kuzima taa. Bembea moja baada ya nyingine. Ile ya farasi ilizimwa kwanza.

Garini nilifungua madirisha kwa sababu ya harufu. Nilidhani ni viatu vyangu. Kwa kawaida Maisie hulala kabla hatujafika barabara kuu, mdomo wazi, anakoroma kama mlevi. Safari ile kila nilipotazama kioo cha kutazamia nyuma alikuwa macho, anaangalia nje, anasoma njia. Lorelei alikaa amejibana kwenye mlango wa upande wa pili.

"Mama," akasema karibu na nyumbani. "Maisie amesema farasi."

"Nimesikia."

"Vizuri kabisa."

"Watoto hukua," nikamwambia. Sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

Nyumbani Duane alikuwa ameamka, amevaa sare yake ya ghala, anasubiri chakula kama mgeni wa heshima. Nikaitoa kabichi, nikamalizia kuikata, nikaikaanga kwa siagi na vitunguu, nikachanganya na tambi. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Nilihamisha zile nguo mbichi kwenye mashine ya kukaushia. Nilizinusa. Hazikuwa na harufu yoyote mbaya.

Harufu ilikuwa jikoni.

Nikapakua. Duane ana desturi yake kabla ya sala, huwahesabu watoto kwa kuwaelekezea uma, mmoja mmoja. Moja, mbili, tatu. Kikosi kimetimia. Watoto wakacheka kama kawaida. Wote watatu.

Maisie alianza na kabichi. Maisie hali kabichi. Tangu aote meno huitoa jani kwa jani na kuipanga pembeni mwa sahani. Sasa alikuwa anaitafuna bila haraka, mgongo wima, mkono mmoja mapajani. Duane akamsifu. Akaniambia ona, binti ameanza kuwa na adabu.

Nilikwenda kutundika koti langu. Mfuko ulikuwa unang'aa.

Nilitoa mkufu. Sikuwa nimepanga kitu, au labda nilikuwa nimepanga, sijui. Nilirudi mezani, nikauweka katikati, kando ya mkate. Mwanga wa kijani ukagusa sahani zote.

Maisie aliweka uma chini.

Akainua mikono miwili, taratibu, akajifunika uso kwa viganja. Kisha akasukuma kiti chake kwa miguu, akarudi nyuma... akarudi nyuma... hadi mgongo wa kiti ukagusa ukuta.

Kati ya vidole palikuwa na upenyo.

Garrett aliangua kicheko. Akasema anawaigiza watishaji, ona anavyowaigiza, na Duane naye akacheka hadi akakohoa. Lorelei hakucheka. Alinitazama mimi, akisubiri nifanye kitu, kwa sababu mimi ni mama yake, na hadi siku ile hapakuwa na kitu kilichokuwa kimenishinda.

Nilifikiria ufunguo wa gari. Nilifikiria lango lenye kufuli, na taa zilizozimwa, na vioo gizani mpaka Mei. Nilifikiria kupiga simu polisi. Wangeniuliza nimempoteza nani.

Nikachukua mkufu, nikaufungia kwenye droo ya visu.

Mikono ikashuka. Kiti kikarudi mezani. Ulikuwa uso wa Maisie, pua ya Maisie, alama ya kuungua kidevuni ambayo alipata kwenye jiko langu mwenyewe.

"Naomba nyongeza, mama," akasema.

Nikamwongeza tambi. Nikakaa kwenye kiti changu. Mume wangu alikuwa mezani, na mchawi, na mifupa, na nyuki.

Niliwahesabu tena. Walikuwepo wote.