Wa Mwisho Kupita Langoni

Giza lilikuwa linaanza kuingia Amos Beddoes alipotoka nyumbani kumrudishia jirani yake mundu. Basi, hilo tu. Mundu wa kupogolea ua wa miiba, alioazima kwa Len Gittins na kuunoa vizuri kabla ya kuurudisha, ingawa alikuwa ameupokea butu. Kijijini Ashbatch, kwenye milima ile ya Shropshire inayochungulia Wales, watu watakusamehe ukiiba kuku, lakini hawatakusamehe ukikosa adabu. Ni watu ambao wakijigonga mlangoni huuomba mlango radhi.

Njia ya kwa Len hupita mbele ya lango la kanisa, lile lenye paa la vigae ambapo majeneza hutuliwa kumsubiri kasisi. Amos hakuwa amepita hapo tangu amzike mkewe, Dorcas, wiki tatu nyuma.

Akapita haraka. Macho chini.

Kriii... kriii...

Mkono wa ndoo, ule wa chuma, unaolia ndoo ikijaa.

Kisha ikaja harufu. Udongo mbichi. Na ndani ya udongo, sabuni ya Dorcas.

Akainua macho. Mkewe alikuwa amesimama chini ya paa na gauni la kijivu alilozikwa nalo, ndoo imemvuta bega moja chini. Dorcas, ambaye nyonga zilimtesa miaka kumi. Dorcas, ambaye Amos hakumwachia abebe hata birika.

"Amos," akanong'ona. "Nani anafuata?"

Na Amos, masikini ya Mungu, akiwa uso kwa uso na marehemu mkewe, akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Naona... mvua itanyesha."

Kisha akatimua mbio.

Sasa, lango lile kila mtu Ashbatch analijua, ila hakuna anayelitaja mbele ya kasisi. Anayezikwa wa mwisho ndiye mlinzi. Kazi yake ni kusimama langoni na kuwachotea maji wote waliolala humo ndani, na waliolala humo wana kiu, na ni wengi, tangu enzi za wafalme waliosahauliwa hata majina. Hapumziki mpaka aje mwingine. Ndiyo maana mazishi mawili yakiangukia siku moja, watu wa Ashbatch, wapole wale, hukaza mwendo. Enzi za babu yake Amos, koo mbili zilishindana mbio na majeneza kupanda kilima, na marehemu mmoja inasemekana alifika bila kifuniko. Wakatwangana ngumi pale langoni, wakaombana radhi, wakatwangana tena.

Siku ya Dorcas, akina Gittins nao walikuwa wanamzika baba yao, mzee Percy, mtu ambaye maisha yake yote hakujinyanyulia hata kikombe. Mazishi yao yalipangwa mchana, lakini wakatokea asubuhi. Walisema saa yao ilikuwa imeharibika. Majeneza mawili yakakutana langoni, wabebaji wakasimama wakitazamana, hakuna aliyesogea. Na Amos, machozi yakimtiririka, akafanya alichofundishwa na mama yake.

"Tangulieni nyinyi," akasema.

Alilijua lango, ndiyo. Lakini alijiambia kijiji kina wazee tele, hautapita mwezi Dorcas atapokewa zamu. Jumapili iliyofuata kasisi akatangaza kwamba makaburi ya kanisa yamejaa, yamefungwa moja kwa moja. Maiti zote sasa zitazikwa kwenye makaburi mapya ya barabara kuu, ng'ambo ya kilima.

Len alipofungua mlango jioni ile, alimtazama Amos anavyohema, akautazama na mundu mkononi mwake.

"Umemwona," akasema.

"Amebeba ndoo, Len. Na nyonga zake zile!"

"Ingia unywe chai, jirani."

Ashbatch hata nyumba ikiwaka moto, kwanza chai.

Asubuhi Amos alikwenda kwa kasisi kuomba kaburi moja, moja tu, la yeyote atakayetangulia kufa. Kasisi akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Nitalifikiria sana, Bwana Beddoes."

Kwa Kiashbatch maana yake ni hapana, na tafadhali usirudi.

Akabaki na tumaini moja. Bibi Lacon, ajuza wa miaka tisini na ushei, alikuwa kitandani na daktari alikwisha kukata tamaa naye. Amos akaketi kando yake, kofia magotini.

"Bibi, ukiomba wewe hawatakukatalia. Mumeo yuko pale. Wanao wawili wako pale."

"Na ndoo iko pale!" akadakia bibi. "Unaniona punguani? Maisha yangu yote nimeliogopa lango lile. Sasa nitalazwa barabarani nisikilize malori. Raha iliyoje!" Akacheka mpaka kikohozi kikambana. Kisha akamtazama Amos kwa huruma. "Zile pai unazipata, mwanangu?"

Pai. Tangu mazishi, kila asubuhi Amos alikuta kitu kizingitini. Pai ya nyama, keki, jamu ya matunda. Vilitoka hata kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kumpa maji ya kunywa. Yeye alidhani ni rambirambi.

"Za nini zile, bibi?"

Bibi Lacon akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Lazima mmoja awe wa mwisho. Kasisi alishatudokezea kwamba siku ile ndiyo ya kufunga makaburi. Wewe ulikuwa hospitalini na mkeo, hukusikia."

"Na akina Gittins?"

"Len aliwaambia wabebaji wasisukumane na mtu. 'Simameni tu,' alisema. 'Mfanye nyuso za huzuni. Amos mwenyewe atatupisha.'"

Amos alitoka bila kuaga. Njia nzima watu walimwinamia vichwa kwa heshima, wake kwa waume. Mmoja alimfungulia geti. Mwingine alimuuliza kama keki ilikuwa na sukari ya kutosha.

Jioni akaenda langoni. Alikwenda kusema kweli.

Kriii... kriii...

Bega lilikuwa limeshuka zaidi. Viganja vimechanika pale chuma kinapokaa, wala havikutoa damu. Nyuma yake nyasi zililala, zikainuka, zikalala, kama kifua kinachopumua. Upepo haukuwepo.

"Nani anafuata, Amos?"

Kweli ilifika kwenye meno. Ikaishia hapo.

"Bibi Lacon," akasema. "Wiki hii. Wanamleta wiki hii, mke wangu."

Dorcas akaitua ndoo. Akatabasamu.

Basi ikawa ndiyo kazi ya Amos. Bibi Lacon alizikwa barabarani malori yakipita, naye akarudi langoni akasema ni zamu ya mhunzi. Mhunzi akafa, akapelekwa barabarani. Akasema mwalimu. Kila jioni ndoo ilituliwa kidogo, na kwa kile kidogo Amos aliishi. Baridi ilipokaza akaanza kukohoa, kikohozi cha chini, cha kukwangua. Siku moja akamkabili Len dukani.

"Nikiondoka mimi, utakuwa unapita kumwambia? Neno moja tu, kila jioni."

"Bila shaka, jirani," akasema Len, akiutazama ukuta.

Jioni moja ya barafu, Amos alifika amejishikiza kwenye ua wa miiba. Dorcas alikuwa anamsubiri.

"Nani anafuata?"

"Seremala. Wiki hii."

Ndoo haikutuliwa.

"Ulisema Bibi Lacon," akanong'ona Dorcas. "Ukasema mhunzi. Ukasema mwalimu. Sijamwona hata mmoja, Amos."

Amos akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi tu.

"Na wewe watakuzika wapi?"

"Barabarani," akasema. "Ng'ambo ya kilima."

Dorcas akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya mkate imepanda tena.

Huko ndani, gizani, sauti ikakohoa. Ikasafisha koo. Sauti ambayo Amos aliisikia miaka arobaini upande wa pili wa ua wa shamba lake.

"Wewe mwanamke!" akafoka mzee Percy. "Maji!"

Nyasi zikalala zote kwa mara moja.

"Nenda nyumbani," akasema Dorcas, akigeuka. "Utapata baridi."

Kriii...

Kriii...