Kisheti Chenye Mkia

Haya, kaeni kitako. Miguu itulie. Leo tuna Saumu, na miguu ya Saumu haijui kutulia.

Asubuhi, Saumu na mama yake walipika visheti. Vya Mama vilitoka vizuri, vyote sawasawa.

Saumu akafinyanga kimoja peke yake. Kikapinda huku. Kikapinda kule. Kikaota na mkia!

Mama akavikaanga, chwaaa! Akavivika sukari, akavipanga kwenye sahani.

Saumu akakiweka chake juu kabisa. "Hiki cha Shangazi Mize," alisema.

Shangazi Mize ana mtoto mchanga. Leo mtoto anatimiza arobaini, na watu wamealikwa.

Mama akafunika sahani kwa kawa. Wakashika njia.

"Mama, nifunue kidogo?"

"Hapana, Saumu. Zawadi haifunuliwi njiani."

Wakafika. "Hodi!"

"Karibuni!" Shangazi Mize akaipokea sahani kwa mikono miwili. "Jamani, mmejisumbua!"

"Ni kidogo tu," alisema Mama.

Shangazi akaingia jikoni na sahani. Akatoka bila sahani.

Saumu akakaa mkekani. Miguu ikaanza. Tapa-tapa, tapa-tapa.

"Mama, mbona visheti havitoki?"

"Tulia, Saumu. Tumeshampa. Atavitoa mwenyewe."

Pilau likaja. Lilinukia, we! Lakini visheti havikuja.

Tapa-tapa, tapa-tapa.

"Mama, mbona havitoki?"

"Tulia, Saumu. Tumeshampa. Atavitoa mwenyewe."

Juisi ya ukwaju ikaja. Visheti havikuja.

Tapa-tapa-tapa-tapa-tapa!

Saumu akashindwa. Akainuka, akanyata mpaka jikoni. Nyatu, nyatu, nyatu.

Kawa limetundikwa ukutani. Na sahani ya Mama? Imeoshwa. Imefudikizwa. Haina kitu!

Saumu akarudi mbio. Akajificha kwenye kanga ya Mama. "Wamekitupa kisheti changu," alisema. "Kwa sababu kina mkia."

Mama akampapasa kichwa. "Subiri kwanza, mwanangu."

Kling, kling! Vikombe vya chai vikaja. Na sinia kubwa. Na visheti!

Wageni wakala. Kacha, kacha, kacha.

Saumu akatazama juu ya sinia. Akatazama chini. Akatazama mikononi mwa watu. Vyote vya Mama. Chenye mkia hakipo.

Machozi yakamlengalenga. Hata miguu ikanyong'onyea.

Jioni, wageni wakaaga. Shangazi Mize akaleta sahani ya Mama, imefunikwa kwa kawa. Ilikuwa nzito.

"Sambusa za nyumbani," alisema Shangazi. "Siwezi kukurudishia sahani tupu."

"Asante, wifi," alisema Mama.

Miguu ya Saumu ikaanza tena. Tapa-tapa. Swali likamtoka. "Shangazi, kisheti chenye mkia kiko wapi?"

"Saumu!" Mama akafunika uso kwa aibu.

Shangazi Mize akachuchumaa. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akamnong'oneza sikioni.

"Kile nilikificha kabatini. Mtoto alipolala, nikakila mwenyewe, na chai yangu. Sikumpa mtu!"

Saumu akatoa macho. "Ulikila chote?"

"Chote."

"Hata mkia?"

"Mkia ndio nilioanza nao," alisema Shangazi, akajiramba vidole.

Saumu akacheka. Akacheka njia nzima mpaka nyumbani.

Usiku, Mama akamfunika shuka. Akatega sikio.

Kimya.

Miguu ya Saumu imelala fofofo. Na yenu, je?