Jiwe la Kizingiti

Jua lilikuwa linashuka mshonaji alipong'oa jiwe kwenye kizingiti cha nyumba ya kaka yake, akalitwika kichwani. Hasira zilikuwa zimemfika kooni.

"Una wazimu? Jiwe ni jiwe tu," kaka yake alifoka. Yeye, fundi mwashi, ndiye aliyelitoa kwenye kaburi la watu wa kale, kule juu ya genge, kwenye ukingo wa mwamba wa bahari.

"Jiwe tu? Tangu ulilete mama hajasema neno. Wiki tatu yuko kitandani, analinyooshea kidole, na wewe unacheka!"

"Uzee huo, dada."

"Funga mdomo. Ukitaka nifuate, hutaki baki."

Alimfuata. Njia ilikuwa nyembamba, imejaa miiba, na chini kabisa mawimbi yalipiga mwamba. Kila akikumbuka mama anavyolishwa kijiko kwa kijiko, mshonaji alikaza mwendo.

Kaburi lilikuwa rundo la mawe, kimo cha mtu, bahari pande tatu. Ubavuni, pale jiwe lilipotolewa, palikuwa na tundu jeusi. Harufu ilitoka humo... udongo mbichi. Na mafuta anayojipaka mama.

Akasita.

"Si uliweke twende zetu?" kaka yake aliguna.

Hasira zikampanda upya. Akalisukuma jiwe kwa nguvu zote. Likaingia, likakaza.

Kimya.

Kisha... ngo. Ngo. Ngo.

"Mwanangu... mbona wanifungia?"

Sauti ya mama.

"Usiguse!" kaka yake alinong'ona, akimvuta mkono. "Mama yuko nyumbani."

Wakatimua mbio.

Nyumbani walimkuta mama amesimama, anatandika kitanda. Aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayejifunza sura za wageni.

"Mmelikaza vizuri?" aliuliza.

Fundi mwashi alipiga magoti. Mshonaji hakulia. Alimkamata ukosi, akamwinua.

"Simama! Wewe ulifungua, mimi nimefunga. Twende tukamtoe mama."

Walirudi mbio, wakalichokonoa lile jiwe mpaka vidole vikachubuka. Likatoka. Ndani hapakuwa na mtu. Harufu ya mafuta ilikuwepo bado, na upande wa ndani wa jiwe palikuwa na mikwaruzo ya kucha, mibichi.

Mpaka leo majirani humpongeza bibi yule kwa kupona. Anakula, anacheka, anasimulia. Mshonaji humpikia na kumfulia, meno ameyauma. Kaka yake hasemi na bibi huyo.

Na yule aliyemo ndani ya nyumba, mshonaji hajawahi kumwita mama.